Maangamizi ya miaka milioni 252 iliyopita: tunasikia ya samaki na wanyama tu. Miti ilikuwa wapi? (Uzi mrefu)

Mchorongaji (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kule kwenye mada ya dinosaria kuna mdau aliuliza swali likapitwa juu juu: "Haya maangamizi mnayosimulia kila siku ni ya samaki na mijusi. Miti ilikuwa wapi?" Nimeona lipewe uzi wake. Sizungumzii kile kimondo kilichomaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita. Nazungumzia janga kubwa kuliko yote, la mwisho wa kipindi cha Pemiani, karibu miaka milioni 252 iliyopita, ambapo baharini spishi nyingi mno zilipotea. Makadirio ya wataalamu ni kuanzia asilimia 80 na kupanda.

Nianze na ninachokishika kwa mkono. Kazi yangu ni uchorongaji, na kwa miaka kadhaa nimekuwa kwenye makaa ya mawe huku Ruvuma. Mashine ikitoa nguzo za mwamba tunazipanga kwenye masanduku, mita kwa mita. Makaa yenyewe hayana la kuonyesha, ni meusi tii. Uhondo uko kwenye ule mwamba wa kijivu unaolala juu na chini ya mshipa wa makaa. Ukiugonga ubavuni kwa nyundo ndogo unafunguka tabaka kwa tabaka, na hapo ndipo jani linapotokea: refu, umbo la ulimi, uti mnene katikati, na vishipa vinavyotoka kwenye uti vikikutana na kuachana mpaka ukingoni. Ukilinyunyizia maji rangi inakolea na kila kishipa kinasomeka. Ukiliacha juani kutwa, utando mwembamba wa makaa unajikunja na kubanduka, inabaki chapa tu kwenye jiwe. Na mara nyingi haliko peke yake. Yamelaliana mengi, kwa sababu mti huu ulikuwa unapukutisha majani yake kwa msimu.

Mti wenyewe unaitwa Glossopteris. Jina hilo alilitoa Mfaransa Adolphe Brongniart mwaka 1828. Ulitawala bara zima la Gondwana, wakati Afrika, Amerika Kusini, India, Australia na Antaktika zilikuwa kipande kimoja. Robert Scott, mvumbuzi wa Kiingereza, na wenzake walipokuwa wanarudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912, hoi kwa njaa na baridi, waliburuta mawe ya kilo 16 hivi na hawakuyatupa hadi kufa. Walipokutwa hemani, kwenye mawe yale kulikuwa na majani haya haya ninayoyapasua mimi.

Mizizi ya Glossopteris ilikuwa na vyumba vya hewa ndani, ndiyo maana iliweza kusimama kwenye vinamasi ambako miti mingine ingekosa pumzi. Ikianguka kwenye maji yasiyo na hewa haikuoza vizuri, ikarundikana, ikafukiwa, ikawa makaa.

Halafu msitu huo ukatoweka. Gondwana yote. Haukurudi tena.

Naendelea chini, msikae mbali.

---

Jirani wa Posta

Natia timu. Nimeshaweka chai jikoni.

---

Mchorongaji

Sasa chanzo. Kwa ufupi, maana hili mmelisikia: Siberia ilipasuka. Si mlima mmoja wa volkano, ni lava iliyotoka kwenye nyufa na kutandaa juu ya mamilioni ya kilomita za mraba. Ubaya zaidi, uji wa mwamba ulipita chini kwa chini kwenye bonde la Tunguska, lililojaa makaa ya mawe, chumvi na mafuta. Vyote vikaungua au kuokwa. Mwaka 2011 watafiti walipata chembe zinazofanana na majivu ya mtambo wa makaa ndani ya miamba ya umri huo huko kaskazini ya mbali ya Kanada. Makadirio ya utafiti mmoja wa 2021 ni kwamba hewa ya ukaa ilipanda kutoka sehemu 400 na kitu kwa milioni hadi karibu 2,500. Dunia ikapata joto la nyuzi 8 hadi 10 zaidi.

Kwa upande wa mimea, mahali palipochunguzwa vizuri ni bonde la Sydney, Australia. Enzi hizo lilikuwa karibu na ncha ya kusini, misitu ya Glossopteris imejaa, mishipa ya makaa inapishana. Ukienda ufukwe wa Frazer, kusini mwa mji wa Newcastle, mshipa wa mwisho wa makaa uko wazi kwenye gema. Unaweza kuweka kidole. Chini ya kidole ni makaa ya Glossopteris. Juu yake ni tabaka jembamba la tope lililoganda ambalo Vivi Vajda na Stephen McLoughlin wa makumbusho ya Stockholm pamoja na wenzao walilichambua: majani hakuna, chavua karibu hakuna, kilichobakia ni vipande vya mkaa wa miti iliyoungua. Ukipanda kidogo, unakuta mwani na bakteria tele. Msitu ulipoondoka, udongo na virutubisho vyake viliingia kwenye mabwawa, maji yakawa ya kijani, yakakosa hewa. Chris Mays na wenzake waliliandika hilo mwaka 2021.

Na hapa kuna jambo ambalo huwa linawashangaza watu. Majivu ya volkano yaliyo karibu na tabaka hilo yamepimwa, na umri wake ni kama miaka milioni 252.3. Yaani misitu ya Australia ilianguka takriban miaka 370,000 KABLA ya vifo vikuu vya baharini. Miti ilitangulia kaburini.

---

Dereva wa Kusini

Mkuu mimi nabeba haya makaa kutoka Mbinga kushusha bandari ya Mtwara. Kumbe muda wote nabeba majani!

Swali langu: hayo ninayobeba ni ya kabla ya hilo janga au ya baada?

---

Mchorongaji

@Dereva wa Kusini umeuliza swali la maana kuliko unavyodhani.

Ni ya kabla, tena kabla kwa mamilioni mengi ya miaka. Miamba ya bonde la Ruhuhu, yanakotoka makaa hayo, aliipanga mjiolojia Gordon Stockley mwaka 1932, akaipa namba K1 hadi K8 kutoka chini kwenda juu, na hadi leo wazee wa kazi wanazitaja. Mishipa minene ya makaa iko K2, Pemiani ya mwanzo. K4 nayo ina makaa kidogo. Ukifika K6 unakuta mifupa ya wanyama wa mwisho wa Pemiani. K7 ni mawe ya mchanga. K8 ni mifupa tena, lakini sasa ni Triasiki, kipindi kilichofuata Pemiani, janga limeshapita zamani, na ndiko alikotoka yule Asilisaurus, mnyama wa jamii ya karibu na dinosaria, aliyepewa jina lenye Kiswahili ndani yake.

Makaa mara baada ya janga? Hakuna. Na si Ruhuhu tu. Dunia nzima. Greg Retallack na wenzake walikusanya takwimu mwaka 1996 wakaonyesha kwamba kwa takriban miaka milioni 10 ya mwanzo wa Triasiki hakuna mshipa wa makaa unaojulikana popote, si China, si Urusi, si Afrika Kusini. Kabla yake makaa yapo, baada yake yapo, katikati pengo. Mimea ya kutengeneza vinamasi vya aina ile ilikuwa haipo tena, na ilichukua muda huo wote kwa mingine kujifunza kazi.

---

Bwana Shaka

Mleta mada unasimulia vizuri ila unatupeleka upande mmoja. Mwaka 2019 Hendrik Nowak, Elke Schneebeli-Hermann na Evelyn Kustatscher walichapisha utafiti ambao kichwa chake tu kinakupinga: walisema hakukuwa na maangamizi makubwa ya mimea ya nchi kavu kwenye mpaka wa Pemiani na Triasiki. Walihesabu rekodi za dunia nzima, si ufukwe mmoja wa Australia. Visukuku vya majani (mabaki yaliyohifadhiwa kwenye mwamba) vinashuka kweli, lakini chavua na spora (punje za uzazi za mimea isiyo na mbegu) hazishuki namna hiyo. Makundi makubwa ya mimea karibu yote yalivuka. Kangaga walivuka, misonobari ilivuka, sikadi (mimea ya mbegu yenye sura ya mitende) zilivuka.

Sasa utuambie, miti ilikufa au haikufa?

---

Jirani wa Posta

Hapa ndipo ninapopapenda 😂

---

Mchorongaji

@Bwana Shaka huo utafiti naujua na naukubali. Ila tazama wanachohesabu.

Jani likiwa kisukuku linahitaji bahati: kinamasi, tope laini, kufukiwa haraka. Triasiki ya mwanzo haikuwa na vinamasi, mito ilibeba mchanga, kwa hiyo majani hata kama yalikuwepo hayakuhifadhiwa. Ndiyo hoja yao, na ni hoja nzuri: sehemu ya kushuka kule ni upungufu wa makaburi, si wingi wa maiti. Chavua ni ngumu, inasafiri, inahifadhika hata kwenye mchanga na baharini, kwa hiyo wanaiamini zaidi.

Lakini chavua nayo ina mtego wake. Aina moja ya chavua inaweza kuwa imetoka kwenye miti ya makundi mawili tofauti kabisa. Chavua yenye mabawa mawili iliyotolewa na Glossopteris inafanana na ya misonobari kadhaa na ya mimea iliyokuja kurithi nafasi yake. Jina linaendelea kwenye orodha, mwenye jina alishakwenda.

Na hata tukikubali hesabu yote ilivyo, jenasi (kundi la spishi za karibu) inahesabiwa moja hata ikiwa na miti bilioni mbili au ikiwa na vichaka kumi vilivyojificha kwenye korongo. Mimi hoja yangu haiko kwenye orodha ya majina. Msitu hufanya kazi: hushika udongo, hunyonya hewa ya ukaa, hufuga mto ndani ya kingo zake. Kazi hiyo ilisimama. Koo za mimea zilivuka, misitu haikuvuka. Unaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja bila mgongano.

Mfano ni Karoo, Afrika Kusini. Mwaka 2000 Peter Ward, David Montgomery na Roger Smith walionyesha kuwa miamba ya mito pale inabadilika tabia. Chini ni mito iliyojipinda polepole kwenye tambarare, juu ni mito ya mikondo mingi inayokatana, iliyojaa mchanga. Tafsiri yao ni kwamba mizizi ya kushika kingo iliondoka.

---

Bwana Shaka

Karoo usiitaje haraka hivyo mkuu. Robert Gastaldo amepiga kambi miaka mingi kule na mwaka 2020 walipima majivu wakapata miaka milioni 252.24. Maana yake mabadiliko ya wanyama yaliyokuwa yanafungwa kamba na janga la baharini yalitangulia. Na amekuwa akisisitiza kwamba badiliko hilo halionekani kwa pamoja kila sehemu ya bonde.

---

Mchorongaji

Ndiyo, na tarehe hiyo inakaa karibu sana na ile ya Australia. Kusini mwa Gondwana mambo yaliharibika mapema. Kuhusu mito nakubaliana nawe kwamba si kila bonde lilibadilika siku moja.

---

Mzee wa Kanisani

Hayo mamilioni mnayapimaje? Mlikuwepo?

---

Mchorongaji

Shikamoo mzee. Swali halali kabisa.

Majivu ya volkano yana punje ndogo za madini ya zirkoni, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Zirkoni inapoganda inakubali urani ndani yake lakini risasi inaikataa. Urani inageuka risasi kwa kasi inayojulikana, nusu ya ile nzito huchukua miaka bilioni 4.47. Kwa hiyo ukiikuta risasi ndani ya punje, imezaliwa humo humo. Unapima uwiano wa vitu hivyo viwili, unapata umri. Kule Meishan, China, ambako ndiko mpaka rasmi wa Pemiani na Triasiki umewekwa, Seth Burgess, Samuel Bowring na Shuzhong Shen walipima mwaka 2014 wakaona maangamizi ya baharini yalichukua kama miaka 60,000 tu, kati ya milioni 251.94 na 251.88.

---

Mzee wa Kanisani

Marahaba. Nimekuelewa, ingawa sijakubali. Endelea.

---

Chavua

Wakuu naomba niingie. Nasoma botania, na somo la chavua ndilo lililonipa jina hili humu.

Mleta mada amesimulia joto na moto, ila kuna kitu kingine ambacho kwangu ndicho kinachotisha zaidi. Kwenye miamba ya mwisho wa Pemiani, kuanzia Greenland hadi Urusi hadi China, kuna chavua na spora zenye ulemavu. Spora za mimea fulani hutengenezwa nne nne, kisha zinaachana. Hizi nyingi zimeganda pamoja, hazikuachana. Na chavua ya misonobari ambayo kwa kawaida ina vifuko viwili vya hewa, unaikuta ina vitatu, vinne, au kimoja kinachozunguka punje yote. Henk Visscher, Cynthia Looy na wenzao waliandika mwaka 2004 kwamba hii ni dalili ya tabaka la ozoni kuharibika: gesi za klorini na bromini kutoka kwenye chumvi iliyookwa Siberia zilipanda juu, zikalitoboa, na miale ya urujuanimno ikafika chini bila kizuizi.

Watu wakasema hiyo ni dhana. Basi Jeffrey Benca akiwa na Looy na Ivo Duijnstee huko Berkeley wakachukua misonobari mifupi ya vyunguni wakaifungia kwenye vyumba vya majaribio na kuipiga miale hiyo kwa viwango vilivyozidi vya kawaida, hadi mara 13. Matokeo walichapisha 2018. Hakuna mti hata mmoja uliokufa. Lakini chavua ikatoka na ulemavu ule ule wa kwenye mawe, na koni za kike zote, zile ambazo zingekuja kuwa na mbegu, zikanyauka zikiwa bado changa. Miti iliyotolewa nje ikarudi kuzaa.

Hapo ndipo msitu unaweza kuporomoka bila mti kuuawa. Unasimama, una majani, hauzai. Mwaka mmoja si kitu. Vizazi na vizazi, na ozoni inaharibika tena kila volkano inapochachamaa, ni habari nyingine. Mwaka 2023 Feng Liu na wenzake walipima chavua za kusini mwa Tibet wakakuta zina wingi wa kemikali ambazo mimea hujipaka kujikinga na miale hiyo. Yaani mimea yenyewe ilikuwa inajisitiri na jua.

---

Jirani wa Posta

@Chavua dada, hapo kwenye "unasimama, hauzai" umenikosesha usingizi.

---

Bwana Shaka

@Chavua na ile habari ya kuvu kutapakaa dunia nzima wakila miti iliyokufa? Zamani ilikuwa ndiyo hadithi kuu.

---

Chavua

@Bwana Shaka ile ni Reduviasporonites. Visscher na wenzake mwaka 1996 walisema ni kuvu, kwamba dunia ilijaa magogo yanayooza. Wengine wakapima kemia yake mwaka 2002 wakasema ni mwani. Wengine wakapima tena 2009 wakarudi kwenye kuvu. Mimi nisingejenga nyumba juu yake.

---

Mama Shamba

Asanteni kwa darsa. Mimi ni mkulima, najua shamba likiachwa haliwi tupu, kuna kitu kitaota tu hata kama hukipendi. Baada ya miti hiyo kwisha, kiliota nini?

---

Mchorongaji

Mama umepiga penyewe.

Kilichoota kwanza sehemu nyingi ni Pleuromeia. Kijiti kimoja kilichonyooka, hakina tawi, kimo karibu cha mtu mrefu au kidogo zaidi, kichwani fungu la majani membamba na koni moja ya spora. Hakina mbegu, hakina mbao ya maana. Kilijulikana kwa wanasayansi miaka ya 1830 kwa ajabu: jiwe la ujenzi lilianguka kutoka kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, likapasuka, ndani yake pakaonekana shina. Baadaye kikapatikana Urusi, China, Australia, kila mahali. Jamaa zake walio hai leo ni vijimea vya Isoetes, vinavyofanana na majani ya vitunguu, vinakaa kwenye madimbwi na hakuna anayevitazama. Kwa mamilioni ya miaka ukoo huo ndio ulikuwa unatawala nyanda zilizoachwa na misitu.

Australia kwenyewe ilichukuliwa na Lepidopteris, mmea wa mbegu wenye majani magumu yenye ngozi nene, pamoja na misonobari midogo. Ulaya, Looy alionyesha kutokana na chavua za Hungaria kwamba misitu ya misonobari ilihitaji miaka milioni 4 hadi 5 kurudi. Na kusini huku kwetu Gondwana nafasi ya Glossopteris ilikuja kurithiwa na Dicroidium, jani lake linagawanyika njia panda katikati. Lakini huyo aliimarika baadaye sana.

Kusini mwa China ndiko kulikokuwa na hasara ambayo haikulipwa. Kulikuwa na misitu ya mvua ya kitropiki yenye mimea ya kundi la gigantopterisi, majani mapana yenye mtandao wa vishipa kiasi kwamba ukiona picha utadhani ni mti wa leo wa kutoa maua. Ilifutika, na nyanda zile zikabaki na Pleuromeia na jamaa zake, wafupi, wachache.

---

Mtoto wa Mariakani

Salaam kutoka Pwani ya Kenya. Huku kwetu ukitoka Mombasa kwenda Voi, Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru, yote ni machimbo ya mawe. Watu wa Nairobi wanayanunua kutandaza uani, wanayaita tu Mazeras. Hayo mawe ni ya wakati huo ama naota?

---

Mchorongaji

Huoti kaka. Majina uliyoyataja ndiyo majina ya miamba yenyewe kwenye ramani za jiolojia: Taru chini, kisha Maji ya Chumvi, kisha Mariakani, kisha Mazeras juu. Kundi lote linaitwa Duruma na linavuka kutoka Pemiani kuingia Triasiki. Kwenye Maji ya Chumvi wamepatikana samaki wa Triasiki ya mwanzo, na kwenye mawe ya Mazeras kuna magogo yaliyogeuka jiwe. Ukisafiri barabara ya Mombasa kwenda Voi unapita juu ya janga zima kwa muda wa kunywa soda moja. Ni huzuni kwamba wanaolikanyaga uani kwao hawajui.

---

Mtoto wa Mariakani

Lo! Na sisi tunayapasua kila siku kwa patasi.

---

Bwana Shaka

Narudi kwenye hoja yangu kidogo, maana mleta mada ananikwepa kistaarabu. Mwaka 2025 Wan Yang na wenzake wameandika kuhusu bonde la Turpan-Hami, Xinjiang. Pale misonobari na kangaga havikukatika. Magogo yamesimama yalipoota, na ndani ya kama miaka 75,000 wanyama wa kila namna wamerudi. Hiyo ni hifadhi kamili katikati ya janga. Kwa hiyo usituambie misitu haikuvuka.

---

Mchorongaji

Hapo umenibana sawasawa, na nafurahi umelileta. Xinjiang kulikuwa na mvua za kutosha, na mvua ndiyo iliyoamua. Kwa hiyo niseme hivi: misitu ilivuka pale palipobaki na unyevu, vipande vipande.

Lakini mwaka huo huo 2025 kuna kazi ya Zhen Xu wa Leeds pamoja na Benjamin Mills, nayo inajibu kitendawili cha muda mrefu. Volkano za Siberia zilipungua, lakini dunia iliendelea kuwa tanuru kwa karibu miaka milioni 5. Kwa nini? Walitengeneza ramani za mimea kabla na baada ya janga kutokana na visukuku, wakaziingiza kwenye hesabu za hali ya hewa, wakaona kwamba kupotea kwa misitu ya kitropiki peke yake kunatosha kueleza sehemu kubwa ya joto hilo. Hakukuwa na miti ya kutosha ya kunyonya hewa ya ukaa na kuvunja mwamba kwa mizizi yake, kwa hiyo hewa ile ilibaki juu. Xinjiang ilikuwepo na vipande vingine kama hivyo, bado havikutosha. Huo ndio uzito ninaousema ambao orodha ya majenasi haiwezi kuupima.

---

Bwana Shaka

Hapo nimekuelewa. Ila nitabaki kusema neno "maangamizi" kwa mimea linahitaji maelezo kila linapotumika.

---

Mchorongaji

Hilo tunakubaliana.

---

Mama Shamba

Na je, kuna mti wa leo ambao ninaweza kuushika nikajua ukoo wake ulipita hapo?

---

Chavua

Upo mama, na ni wa kwetu. Podo. Ule wa misitu ya Usambara, Kilimanjaro, Mlima Kenya, wenye mbao nyeupe ambazo mafundi wanazigombania. Mwaka 2018 Patrick Blomenkemper, Hans Kerp, Benjamin Bomfleur na wenzao walitoa ripoti ya visukuku vya mwisho wa Pemiani kutoka pembezoni mwa Bahari ya Chumvi, Jordan. Majani yamehifadhiwa vizuri kiasi kwamba ngozi ya jani inachunguzwa kwa hadubini, seli kwa seli. Ndani yake wakakuta jamii ya podo, na pia Dicroidium yule yule aliyetajwa juu kama mrithi wa Glossopteris, akiwa tayari yupo kabla ya janga, kwenye nchi kavu ya joto ambako hakuna aliyemtarajia. Mimea iliyozoea kiangazi ilikuwa imejiandaa bila kujua. Glossopteris alikuwa mtaalamu wa kinamasi, na kinamasi kilipokauka hakuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo ukiwa Lushoto ukaona podo, huyo babu zake walilipita.

---

Mama Shamba

Ninao miche yake kitaluni! Nilipewa na watu wa misitu. Sasa nitaipalilia kwa adabu.

---

Dereva wa Kusini

Mkuu Mchorongaji, la mwisho. Nikikuta jani kwenye shehena, nifanye nini? Maana kuna jamaa aliniambia yanauzwa.

---

Mchorongaji

Usiuze, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 itakukuta. Kwa upande wa @Mtoto wa Mariakani nako wana yao ya mwaka 2006 ya Makumbusho na Urithi, vile vile.

Kwenye makaa yenyewe hutaliona, yameshasagika na kuiva. Tafuta kwenye yale mapande ya kijivu yanayochanganyika na makaa, yale ambayo wanunuzi wanayalalamikia kwamba yanaongeza majivu. Ukiona lenye chapa, lipige picha kivulini jua likiwa la pembeni, weka sarafu karibu ili ukubwa ujulikane, na andika umelipata kwenye shehena ya machimbo gani. Bila mahali lilipotoka, jani ni pambo tu. Usipake vanishi wala mafuta ili ling'ae, utaharibu ule utando. Lifunge kwenye gazeti, siyo mfuko wa nailoni, unyevu ukibaki ndani linabanduka. Halafu mpelekee mjiolojia wa machimbo au makumbusho.

---

Dereva wa Kusini

Poa. Alhamisi napakia. Nikipata naweka picha humu humu.